Shingo ya Mgeni

Mara ya kwanza Bi Mize alidhani mbwa kakanyaga mzizi. Walikuwa njiani kwenda konde, umande haujakauka, mbwa mbele na yeye nyuma, na kati yao upondo, ule mti mrefu wa kusukumia ngarawa. Ghafla miguu ya nyuma ya yule mnyama ikashika njia yake na ya mbele ikashika yake, kama watu wawili waliobeba gunia moja wasiosikilizana. Akakaa kitako. Akageuza kichwa taratibu, kama anayetaka kumjua aliyemsukuma. Kisha akajizoazoa, wakaendelea. Bi Mize alipofika pale mahali alitazama chini. Hapakuwa na mzizi wala jiwe.

Hakumwambia mtu. Hakuwa mwanamke wa kulipigia kelele jambo ambalo hajalitazama mara ya pili.

Mbwa mwenyewe hakuwa wake. Alikuwa wa marehemu mumewe, Msellem, na kabla ya Msellem alikuwa wa Wazungu waliokuwa na nyumba ya wageni ufukweni, ng'ambo ya msitu wa Ngezi, ambako Msellem alikuwa mlinzi. Ilipokuja Korona wageni wakakatika, wenye nyumba wakafunga milango wakapanda ndege. Walisema watarudi. Msellem akaja nyumbani Makangale na koti lake la ulinzi, na mbwa mweusi mwenye nyusi za rangi ya hina, wa mbegu ya dobamani, mrefu hata kichwa chake kilifika kiunoni mwa mtu. Jina lake la kizungu halikukaa mdomoni mwa yeyote. Msellem akamwita Mgeni.

Bi Mize alipinga. Alisema malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Msellem akajibu kwamba malaika wataingia ndani kama kawaida yao, mbwa atakaa nje ya ua, na wasioingia watakuwa tumbili wa Ngezi, tena wasioingia konde. Hilo la konde lilikuwa kweli. Tangu Mgeni aje, mihogo ya Bi Mize ilikomaa ardhini, na tumbili wakahamia kwa majirani. Shehe naye alisema mbwa wa kuamia shamba karuhusiwa. Basi akanyamaza, ila alihakikisha mnyama haukaribii mtungi wake, wala kamba yake ya nguo, wala yeye mwenyewe.

Kisha Msellem akafa, siku moja tu, baina ya adhuhuri na alasiri, akiwa anakaza makuti ya banda. Bi Mize akaingia eda. Siku za mwanzo nyumba ilijaa wanawake. Baadaye wakaja kwa zamu, baadaye wakaja wakikumbuka. Binti yake Nadhira akarudi Unguja kwa mume na watoto. Na mbwa, bila kuitwa, akahama kule konde akaja kulala nje ya mlango wa ua. Bi Mize alimsikia akihema upande wa pili wa makuti, alfajiri akiamka kusali na usiku akifunga mlango. Eda ile waliikaa wawili, mmoja ndani na mmoja nje, na hapana kati yao aliyekwenda popote.

Alipotoka eda alikuta hawezi kuendelea bila mbwa, na hawezi kumshika. Msellem alikuwa akimkamata kwa mkono, kisha anakwenda kujiosha huku anaimba. Bi Mize alikuwa mtu wa kushinda na udhu wake. Akafanya akili yake. Alichukua upondo wa ngarawa ya Msellem, akafunga kitanzi cha kamba kwenye ncha, na kwa ule upondo akawa anamvalisha mbwa shingoni kwa mbali, anampeleka konde asubuhi na kumrudisha jioni. Mbwa akichelewa, anamvuta. Akitaka kugeuka amkaribie, anamsukuma. Chakula alimmiminia ndani ya kinu kibovu alichokifukia ardhini nje ya ua, kwa upawa wenye mpini mrefu, na mbwa alikula akiwa kazamisha kichwa mle ndani hadi mabegani. Watu walimcheka wakisema Bi Mize anaendesha mbwa kama chombo. Naye alicheka nao. Nguo zake zilibaki safi.

Mwaka ukapita hivyo. Sasa mbwa alikuwa akiyumba.

Kila asubuhi Bi Mize alimtazama. Aliona kucha za miguu ya nyuma zimelika upande wa juu, kwa sababu anaziburura. Aliona miguu ya mbele ikipiga hatua fupi kavu, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Kichwa alikibeba chini, sawa na mgongo, na akisikia tumbili juu ya mti hakukiinua tena. Aligeuza macho tu.

Wa kwanza kulisema hadharani alikuwa Kijakazi. Huyu alikuwa shoga yake tangu walipoletwa wake wapya mtaa mmoja, na ndiye aliyewapanga wanawake jikoni pakiwa na shughuli. Alisema pale bombani, mbele ya ndoo zote:

"Mize, mbwa wako kalewea wapi? Mana siye huku baa hatuna."

Wanawake wakacheka hadi mmoja akamwaga maji yake. Bi Mize akajibu kwamba labda kanywa yale wanayokunywa waume zao wakisema wamekwenda Wete, na kicheko kikazidi. Lakini alipojitwika ndoo yake, njia nzima aliona miguu miwili ikienda huku na miwili ikienda kule.

Mzaha uliisha siku mbwa alipoanguka mbele ya nyumba ya Nyange. Alianguka ubavu, miguu ikipiga hewa, ulimi nje, na watoto wa Nyange wakakimbia wakilia. Nyange alikuwa jirani wa konde na mkubwa wa wasasi, wawindaji wa pale. Hakuwa mtu mbaya. Alipokuwa kijana alimzika mtoto wa dada yake aliyekufa kwa kichaa cha mbwa, na aliyaona maji yakimtisha yule mtoto hata yakiwa kikombeni. Tangu hapo hakusubiri ushahidi. Alikwenda moja kwa moja kwa sheha, mkuu wa shehia yao, akasema kuna mbwa mwenye kichaa Makangale na mwenyewe anamficha.

Sheha akaja na watu watatu wakasimama mbali na ua. Bi Mize aliwaeleza kwa upole kwamba mbwa anakunywa maji, anakula, hamkoromei mtu, hana mate ya kuning'inia. Sheha alimsikiliza, kisha akakata shauri. Mbwa afungwe. Yeye atampigia simu daktari wa mifugo aje kutoka Wete. Daktari asipokuja hadi Ijumaa, watu wakitoka msikitini Nyange na wenziwe watakuja na marungu. Bi Mize akasema sawa. Angesema nini?

Nadhira alipiga simu jioni ile. Habari ilikuwa imeshavuka bahari. Alimwambia mamake kwamba huu ndio wakati. Mbwa auliwe, nyumba ifungwe, yeye aje Unguja, chumba kipo. Alisema mambo mengi ya kweli. Mwisho akauliza, "Mama, kwani yule mbwa ni nani wako?"

Bi Mize alisema chaji imekaribia kwisha.

Akaikata simu. Alikaa upande wake wa makuti na tasbihi mkononi, na upande wa pili mbwa alikuwa kafungwa kwenye mnazi kwa kamba ile ile ya shingo. Kila akitaka kulala alilia kidogo, sauti nyembamba isiyolingana na kiwiliwili kile. Ukimya wa baada yake ulikuwa mrefu. Bi Mize aligundua kwamba anausubiri mwisho wa ule ukimya, na kwamba amekuwa akiusubiri hivyo kila usiku tangu eda. Mtu kuhema karibu ni jambo dogo. Nyumba isiyokuwa nalo ndiyo inayojua ukubwa wake.

Daktari alifika Ijumaa adhuhuri kwa pikipiki. Alikuwa msichana aitwaye Ruweida, kajitanda vizuri, viatu vya mpira hadi magotini. Alimwamkia Bi Mize shikamoo, akavaa glavu, akachuchumaa mbali na mbwa kwa muda, anamtazama tu. Bi Mize akampenda kwa hilo. Kisha akauliza maswali, na Bi Mize akamweleza kila alichokiona: kucha, hatua fupi, kichwa cha chini, kilio cha kulala. Ruweida akamsogezea mbwa maji. Mgeni akanywa yote. Ruweida akaukunja unyayo wa mguu wa nyuma, akauacha umelazwa kwa mgongo wake. Mbwa mzima, alisema, huurudisha pale pale. Mgeni aliuacha ulivyo, kama si wake. Mwisho Ruweida akashika kichwa kwa mikono miwili akakiinua taratibu, na mbwa akatoa ile sauti nyembamba.

Watu walikuwa wameanza kutoka msikitini. Nyange alikuja na wenziwe, kanzu bado mwilini, rungu mkononi, na nyuma yao wanawake na Kijakazi. Ruweida hakuwaongopea wala hakuwapandishia sauti. Aliwaambia si kichaa. Ni maradhi ya shingo, na mbwa wakubwa wa jamii hii huyapata wakifika umri wa makamo. Aliomba tasbihi ya Bi Mize, akainyoosha waione. Mifupa ya shingo ni kama hizi punje, alisema, na ndani yake umepita uzi. Punje ikikaa upande, uzi unabanwa, na amri ya kutembea haifiki miguuni, au inafika nusu. Hayaambukizi mtu wala mnyama.

Hapo macho yake yakaangukia upondo ulioegemezwa uani, na kitanzi chake. Akakitazama kinu kilichofukiwa. Alimuuliza Bi Mize mbwa anapelekwaje konde, na Bi Mize akamwonyesha, huku mikono yake ikianza kuelewa kabla yake.

"Mwanangu, niambie," alisema. "Miye nimemvunja shingo?"

Ruweida alimgeukia. "Hukumvunja, mama. Maradhi kaja nayo mwenyewe. Lakini kila ukivuta hapa, unabana pale pale panapobanwa. Na kila akila mle ndani vivyo hivyo."

Bi Mize alikubali kwa kichwa. Mwaka mzima alikuwa amelinda udhu wake kwa ule mti, na mwaka mzima mwisho wa pili wa ule mti ulikuwa shingoni mwa mwenziwe.

Ruweida aliendelea, na sasa alisema naye peke yake ingawa wote walisikia. Kumpasua kunawezekana, lakini si hapa, wala Unguja. Zipo dawa za kupunguza uvimbe. Asivutwe shingo tena. Avalishwe mikanda ya kifuani. Chakula kiwekwe juu, sawa na kifua chake. Akitaka kusimama apitishwe kitambaa tumboni ainuliwe nyuma. Anaweza kuishi hivyo miezi, pengine zaidi. Lakini yote haya yanataka mkono wa mtu, kila siku, na mvua ikinyesha.

"Kama hapana wa kumshika," alisema, "ni heri nimlaze leo kwa sindano. Hatasikia kitu. Kumwacha atambae si huruma."

Wanaume walitazama kanzu zao za Ijumaa. Nyange alisema yeye kaja na rungu, hakuja na mikanda, na mtu mmoja akataka kucheka akaacha. Mbwa alikuwa kalala, kidevu juu ya kiatu cha daktari.

"Nitamshika miye," alisema Bi Mize.

Kijakazi aliuliza kwa sauti ya chini, ya kweli, bila mzaha. "Mize. Na sala zako?"

"Maji yapo. Na udongo upo."

Nyange alishusha rungu akaligeuza likawa bakora, akaondoka akiliegemea.

Jumanne baada ya darsa Bi Mize alimuuliza Shehe Abdulnasir. Shehe akaanza kumsimulia kisa cha yule aliyemteremkia mbwa mwenye kiu kisimani akamnywesha, akasamehewa dhambi zake. "Hicho nakijua, Shehe," alisema Bi Mize nyuma ya pazia. "Miye nauliza nguo." Shehe akakohoa kidogo, akamweleza vizuri: mkavu kwa mkavu hapana kitu. Ukiingia umajimaji, basi ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Atenge nguo, atenge chombo, asijitie wasiwasi. Bi Mize akashukuru. Alikuwa akiyajua haya tangu chuoni alikosoma Kurani, lakini alitaka ayasikie yakisemwa kwa ajili yake.

Mikanda aliishona mwenyewe kwa koti la ulinzi la Msellem. Ilikuwa nguo nzito isiyochanika kirahisi, bado ina harufu ya moshi na tumbaku kwapani. Alipima kwa macho, akakata, akapitisha sindano ya kushonea makanda. Upondo akaukata vipande vinne, vikawa miguu ya kiweko cha chakula. Akatenga kanga moja kuukuu na ndoo moja, akavitundika mbali na vyenginevyo.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya mbwa muda mrefu akiwa na ile mikanda. Mgeni naye alimtazama, hana haraka. Bi Mize akasema Bismillah, akaweka mkono mgongoni.

Alikuwa wa moto. Hilo hakulitarajia. Chini ya manyoya mafupi ngozi ilitetemeka kidogo kisha ikatulia, na alipopitisha mkanda chini ya kifua alisikia moyo ukigonga kiganja chake. Alipitisha kitambaa tumboni, akainua. Mbwa akasimama. Miguu ya nyuma ikatafuta ardhi, ikakosa, ikapata, na pale alipopata alijilaza ubavu mzima kwenye paja la Bi Mize, uzito wake wote, kama mtu anayeegemea ukuta anaouamini. Bi Mize nusura aanguke. Akapanua miguu, akashika. Hakuna kiumbe kilichokuwa kimemwegemea tangu Msellem alipokuwa akiegemea bega lake kutoa mwiba unyayoni. Walisimama hivyo hadi mbwa akamaliza kula.

Konde hawakwenda tena. Tumbili walirudi wakala nusu ya mihogo, akawaachia. Lakini si tumbili tu walioona mabadiliko. Iliposomwa khitma kwa kina Hamdan, hapana aliyemtuma mtoto kumwita. Bi Mize ndiye aliyekuwa akipika wali wa khitma zote za pale. Harufu ya wali ilipofika uani kwake alijua kwamba kwa mara ya kwanza kautia chumvi mwengine. Ilipofika harusi, aliitwa, akapewa kiti kizuri ukumbini, soda na kitafunio, kama mgeni wa kutoka mbali. Hakuna aliyemwambia neno juu ya mbwa wala juu ya mikono yake. Alikula, akaomba dua, akarudi kumgeuza mbwa ubavu wa pili asifanye vidonda.

Ikaja vuli. Siku za mvua kila kitu kilikuwa majimaji, manyoya, mikanda, mikono yake, na kuosha kukawa kazi ya kweli. Peke yako utaoshaje mikono miwili mara saba? Mkono wenye najisi ukishika kata ya kuchotea maji, kata imenajisika. Alijaribu kuibana kata kwa viwiko. Alijaribu kumimina kwa kutega ndoo kwa goti. Maji mengi yalikwenda ardhini na hesabu ikampotea.

Jioni moja, mvua imepusa, makuti tu yakidondosha maji, alikuwa akihangaika hivyo karibu na mlango wa ua aliposikia mtu kasimama njiani. Alikuwa Kijakazi, na sinia tupu kichwani. Mbwa alikuwa kalala juu ya majani makavu chini ya banda, shingo kanyoosha. Siku ile alikuwa kasimama mara moja tu, kwa chakula cha asubuhi, na jioni alikataa kuinuliwa. Bi Mize alikuwa kashaitafuta namba ya daktari kwenye simu na hakuwa kabonyeza. Alikuwa kajiambia hadi kesho.

Kijakazi alimtazama mbwa, kisha akamtazama Bi Mize na viwiko vyake.

"Utaivunja hiyo kata," alisema.

Akaweka sinia juu ya ukingo, akaingia uani akipita ukutani kabisa, mbali na mnyama, akaokota kata. Akachota. Bi Mize akachukua udongo, akajisugua hadi juu ya vifundo, akanyoosha mikono. Kijakazi akamimina. Alimimina kama anavyomiminia wanawake jikoni, maji mengi, bila ubakhili, huku akisema kwamba wali wa kina Hamdan ulikuwa mbichi katikati na umeungua chini, na hapana aliyethubutu kusema, na yule aliyeupika anajisifu hadi leo. Bi Mize alicheka. Maji yalikuwa baridi ya mvua. Kijakazi akaendelea na habari ya mkwe wake, akachota, akamimina, akachota, akasita na kata hewani.

"Ngapi hii?"

Ilikuwa ya sita. Bi Mize alikuwa kaihesabu kila moja. Nyuma yake mbwa alihema, akanyamaza, akahema tena, na nje ya ua giza la Ngezi lilikuwa likishuka taratibu juu ya konde lililoliwa. Hesabu ile hakuitaja.

"Basi tuanze upya," alisema Kijakazi.

Bi Mize akainama, akachukua udongo mwengine, akanyoosha mikono.